Latvia: ubao mmoja, lugha tatu

Najua nimepotea. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, wilaya ambayo umeme ni wa kubahatisha na mtandao mpaka upande kilima. Nimerudi chuoni nakuta kazi za semina zimenikalia kama wadai. Mada ya kundi letu ni historia ya sera ya lugha katika nchi ndogo za Ulaya. Wajanja wakakimbilia Ubelgiji na Uswisi. Mimi nikaachiwa Latvia. Siku ya kwanza nilinuna, lakini leo ni saa saba usiku, mwenzangu wa chumba anakoroma, na mimi nimeshindwa kulala kwa sababu ya Latvia hiyo hiyo.

Kabla sijaanza, niwaambie kisa kimoja cha huko field. Nilikuwa nafundisha historia kidato cha kwanza. Nikauliza kwa nini watu wa kale waliacha kuwinda wakaanza kulima. Kijana mmoja akasimama, akaanza kujibu kwa Kiswahili, tena jibu zuri kabisa. Nikamkatiza: "Kwa Kiingereza tafadhali." Akaniangalia, akakaa chini. Mpaka naondoka hakunyoosha mkono tena. Kiweke kichwani hicho kisa, nitakirudia.

Haya, Latvia. Ni nchi iliyo kando ya Bahari ya Baltiki, kati ya Estonia na Lithuania, na upande wa mashariki imepakana na Urusi na Belarus. Watu wake hawafiki milioni 2. Mkoa wa Dar es Salaam peke yake ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 5 kwenye sensa ya 2022, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe.

Wenyeji wa zamani wa nchi ile walikuwa na lugha za koo mbili tofauti. Kuna Kilatvia, ambacho ndugu yake pekee aliye hai ni Kilituania. Halafu kuna Kilivi, lugha ya wavuvi wa pwani, ambacho undugu wake ni na Kiestonia na Kifini. Msidhani ni lahaja tu. Tofauti yake ni kama ya Kiswahili na Kimaasai. Na Walivi hawakuwa watu wa pembeni: nchi nzima ile Wajerumani waliiita Livonia kwa ajili yao. Kumbukeni jina hilo.

Wajerumani walikuja na msalaba na upanga. Mji wa Riga ulianzishwa mwaka 1201 na askofu Albert, na kwa karne nyingi zilizofuata, hata pale watawala wakuu walipokuwa Wapoland, Waswidi au Warusi, mwenye shamba na mfanyabiashara mkubwa wa mjini kwa kawaida alikuwa Mjerumani. Kilatvia kikawa lugha ya mkulima asiye huru. Utumwa ule wa kufungwa kwenye ardhi ya bwana ulifutwa Kurland mwaka 1817 na Vidzeme mwaka 1819, lakini Latgale, upande wa mashariki, walisubiri mpaka 1861. Ukisoma ukafanikiwa, ulitegemewa uwe Mjerumani. Yaani elimu na Ulatvia vilionekana haviwezi kukaa kwenye kichwa kimoja.

Hapo ndipo anaingia mtu niliyempenda kuliko wote, Krišjānis Valdemārs. Miaka ya 1850 alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tartu, na kwenye mlango wa chumba chake alibandika kadi yenye jina lake, fani anayosoma, na neno moja la ziada: Mlatvia. Basi, hayo tu. Hakurusha jiwe wala hakugoma. Lakini watu walishangaa kabisa, maana msomi Mlatvia kwa wakati ule ilikuwa kama kusema samaki anayepanda mti. Nikaangalia mlango wa chumba chetu hapa, umebandikwa picha ya mchezaji mpira na tangazo la anayeuza vocha.

Kizazi chake ndicho kilichokipa Kilatvia kazi. Yakaanza magazeti, na mwaka 1873 likafanyika tamasha la kwanza la nyimbo la taifa mjini Riga. Krišjānis Barons akakusanya nyimbo fupi za wakulima, zile wanazoziita daina, akachapisha zaidi ya 200,000 kati ya 1894 na 1915. Kabati alilotumia kuzipanga bado lipo, limeingizwa kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kule Latgale hali ilikuwa ngumu zaidi. Serikali ya tsar ilipiga marufuku kuchapa vitabu kwa herufi za Kilatini kuanzia 1865 mpaka 1904. Miaka 39! Wakulima wakawa wananakili vitabu kwa mkono. Sisi tunalalamika mashine ya kutoa kopi ikiharibika siku mbili.

Uhuru ulitangazwa tarehe 18 Novemba 1918. Kilatvia kikaingia shuleni, mahakamani na ofisini. Walivi nao wakaunda umoja wao mwaka 1923, na baadhi ya shule za pwani zikaanza kufundisha Kilivi. Lakini kilikuwa somo la hiari, saa moja kwa wiki. Saa moja tu, wapendwa. Hesabu, jiografia na barua za serikali vyote vilikuwa kwa lugha nyingine.

Mwaka 1940 Umoja wa Kisovieti ukaikalia Latvia, 1941 wakaja Wajerumani wa Hitler, 1944 Wasovieti wakarudi. Mwezi Machi 1949 peke yake watu zaidi ya 40,000 walipakiwa kwenye mabehewa wakapelekwa Siberia. Wakati huo huo wafanyakazi wengi waliletwa kutoka Urusi na jamhuri nyingine. Mwaka 1935 Walatvia walikuwa robo tatu ya watu wote, mwaka 1989 walikuwa asilimia 52. Theluthi mbili ya Walatvia walikuwa wanajua Kirusi, lakini kati ya Warusi waliojua Kilatvia ni takriban mmoja katika watano. Pwani ya Walivi ikafanywa eneo la mpaka wa kijeshi. Mvuvi akazuiliwa bahari, vijiji vikahama, na lugha ikahama navyo. Grizelda Kristiņa, aliyezaliwa mwaka 1910, alikimbia kwa boti mwaka 1944. Alifariki Canada mwaka 2013 akiwa na miaka 103, na ndiye anayetajwa kuwa mtu wa mwisho aliyekuwa na Kilivi kama lugha ya mama. Lugha iliyoipa nchi jina ilizikwa ng'ambo ya bahari.

Latvia ikapata uhuru wake tena mwaka 1991. Na hapa ndugu zangu ndipo mada ilipoacha kuwa rahisi. Uraia walipewa waliokuwa raia kabla ya 1940 na vizazi vyao. Wengine, watu kama laki saba, wakawa si raia, mpaka wafaulu mtihani wa lugha na historia. Sheria ya lugha ya 1999 inasema lugha zote isipokuwa Kilatvia ni za kigeni, Kilivi tu ndicho kimeachwa nje ya neno hilo. Kwa hiyo Kirusi, ambacho zaidi ya theluthi moja ya watu wanakiongea nyumbani, kisheria ni kigeni. Mwaka 2012 ikapigwa kura kuhusu Kirusi kuwa lugha ya pili ya taifa, robo tatu ya waliopiga kura wakakataa. Kuanzia Septemba 2023 shule zilizokuwa zinafundisha kwa Kirusi zilianza kuhamia Kilatvia darasa baada ya darasa, na mwaka 2025 zoezi likafika madarasa yote ya elimu ya msingi.

Nimewasikiliza wote wawili kichwani mwangu. Mlatvia anasema: lugha yangu haina nchi nyingine duniani, ikifa hapa imekufa. Ni kweli. Mzazi Mrusi anasema: mwanangu anaelewa hesabu kwa Kirusi, kwa nini arudi nyuma kwa ajili ya makosa ya Stalin? Nalo si jambo la kucheka.

Kwenye semina nitasema hivi. Lugha haifi kwa sababu wasemaji ni wachache. Inakufa ikikosa kazi. Kilatvia kilipewa ubao mzima kikapona, Kilivi kilipewa saa moja kwa wiki kikazama. Sasa chuo kikuu kina taasisi ya Kilivi tangu 2018, na kuna mtoto aliyezaliwa mwaka 2020 anayelelewa kwa lugha hiyo. Lakini ubao ule ule unaookoa lugha unaweza kumkalisha mtoto chini. Anayeamua ni mwalimu aliyesimama mbele, namna anavyomvusha mtoto kutoka lugha anayoijua kwenda asiyoijua.

Na mimi ndiye niliyemkalisha yule kijana. Jibu lake lilikuwa sahihi. Ningeweza kusema "vizuri sana, sasa tujaribu pamoja kwa Kiingereza". Ni sekunde tano tu. Field ya mwaka ujao nitajitahidi nisirudie.

Nyie mnaokwenda kufundisha, mngefanyaje? Nalala sasa, kipindi ni saa moja asubuhi. Alamsiki.