Chumba cha Kuvulia Viatu

Treni iliyonileta Dar es Salaam niliipandia Malampaka, usiku, mwezi wa Juni 1988. Nilikuwa na sanduku la bati, kikapu cha michembe na cheti cha upigaji chapa. Reli hiyo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Tawi la kwenda Mwanza likamalizwa na Waingereza mwaka 1928. Haikujengwa kwa ajili ya wasichana wa Usukumani wanaokwenda kutafuta kazi. Ilijengwa ili mazao yatoke bara yafike bandarini. Baba yangu alilima pamba maisha yake yote, na kila mwaka marobota yalitangulia kwenda pwani, yeye akabaki. Mdogo wake aliyafuata mwaka 1963. Mimi nilikuwa binti wa kwanza wa nyumba yetu kufanya hivyo.

Baba mdogo ndiye aliyeniita. Alikuwa karani wa leja katika shirika moja la umma, na aliandika barua kwamba ofisi yao ilikuwa ikitafuta wapiga chapa wenye vidole vyepesi ili wafundishwe kompyuta. Barua ilisomwa mbele ya wazee. Baba akauliza, "Huyo Kompyuta ni mtu wa wapi?" Nilicheka, lakini ukweli ni kwamba hata mimi sikuwahi kuiona. Nilikuwa nikipiga chapa barua za chama cha msingi kwa taipureta iliyokosa herufi moja, na nilichokijua kuhusu kompyuta ni kwamba serikali yetu iliwahi kuikataza.

Habari hiyo inastahili kusimuliwa, kwa sababu vijana wa leo huidhania kuwa mzaha. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Iliitwa ICT 1500, na iliuzwa na kampuni ya Uingereza. Ilikuwa na ukubwa wa kujaza chumba, na ilikusudiwa kushughulikia hesabu za serikali. Hesabu hizo zikavurugika. Watu waliojua kuiendesha walikuwa wachache na wengi wao wageni, na taarifa zilizotoka humo hazikuaminika. Serikali ilikuwa imetumia fedha nyingi za kigeni, nazo zilikuwa adimu. Basi mwaka 1974 ikatoka amri ya kuzuia kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Aliyehitaji kompyuta kwa kweli aliomba kibali, na kibali hakikuwa rahisi. Jambo la ajabu ni kwamba Zanzibar, ndani ya Jamhuri ile ile ya Muungano, ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka hiyo hiyo ya 1970, na sisi wa Bara tukasubiri hadi mwaka 1994.

Sipendi kuwabeza waliotoa amri ile. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini nimefanya kazi hii miaka mingi, na sasa nimekwisha staafu, na kila nikisoma habari za Hazina ya miaka ya 1960 najiuliza kama kweli mashine ndiyo iliyokosea. Mashine haina mdomo. Ukiitwika lawama, haitajitetea.

Amri ililegea kidogo kidogo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kituo chake cha kompyuta mwaka 1979, amri ikiwa bado ipo. Miaka ya 1980 zikaja kompyuta ndogo za mezani, ambazo hazikuhitaji jumba wala wataalamu kumi, na mashirika yakaanza kuzipata, mara nyingi kwa msaada wa wafadhili. Mimi nilifika katika mlango huo ulipokuwa umefunguliwa nusu.

Safari ilichukua siku mbili. Tabora tulinunua asali, Saranda kila mtu alishuka kununua kuku, na Morogoro nilinusa hewa ya joto lenye unyevu ambalo mwili wangu haukulijua. Baba mdogo alinipokea stesheni. Alikuwa amevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi hadi ikang'aa, na kalamu mbili mfukoni, nyeusi na nyekundu. "Shikamoo, baba mdogo." "Marahaba, mwanangu. Vidole vizima?" Akaniangalia mikono kabla hajaniangalia uso.

Nililala kwake Magomeni, katika nyumba ya vyumba sita yenye wapangaji watano, na watoto wake wawili wakahamia sebuleni kwa ajili yangu. Asubuhi tuligombea basi. Ikarusi la UDA likipita limejaa, tulipanda daladala, ambalo lilipata jina kutokana na nauli ya shilingi tano; sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Wakati ninapofika jina lilikuwa limebaki, ila nauli ilikwisha kupanda.

Chumba cha kompyuta kilikuwa mwisho wa korido. Kilikuwa chumba pekee chenye zulia, na chenye kiyoyozi kilichofanya kazi. Hata ofisi ya meneja haikuwa na bahati hiyo. Mlangoni palikuwa na kibao: VUA VIATU. Sababu ilikuwa vumbi, adui wa zile disketi pana na laini kama chapati zilizokauka. Lakini watu hawakuchukulia hivyo. Msikitini huvuliwa viatu, na mbele ya wakwe huvuliwa. Makarani wazee walipopita koridoni walishusha sauti. Sisi wasichana wanne tuliokaa ndani na soksi zetu tulijiona tumeteuliwa.

Tulifundishwa majuma sita. Tulijifunza kuwasha, kuzima, kunakili disketi, na programu ya kutunza kumbukumbu iliyoitwa dBASE. Mwalimu wetu alikuwa amewahi kufanya kazi na kompyuta kubwa za zamani, zile zilizolishwa kadi za matundu, na alitusimulia jambo ambalo sikulitilia maanani. Enzi za kadi, alisema, kila takwimu ilitobolewa mara mbili. Karani wa kwanza alitoboa kadi. Karani wa pili, asiyemwona mwenzake, alipiga tarakimu zile zile kwenye mashine ya kuhakiki juu ya kadi ile ile, na zisipolingana mashine ilisimama. Kazi ilikuwa ya kuchosha na ya gharama. Kompyuta ndogo zilipokuja, ofisi nyingi ziliona ni upotevu wa muda. Kilichoandikwa kinaonekana kwenye kioo, ukikosea unafuta. Kwa nini kulipa watu wawili?

Mwaka 1989 tulipewa kazi ya kuingiza kumbukumbu za watumishi wote: jina, tarehe ya kuzaliwa, cheo, mwaka wa kuajiriwa. Baba mdogo na makarani wenzake walituletea majalada kwenye toroli, wakayaacha mlangoni kwa sababu hawakutaka kuvua viatu. Nilikuwa na kasi kuliko wenzangu, na nililijua hilo. Upande wa kulia wa kibodi palikuwa na tarakimu zilizopangwa peke yake kama za mashine ya hesabu, lakini mimi nilitoka kwenye taipureta. Nilitumia safu ya juu. Katika safu ya juu, sita na saba ni majirani.

Baada ya hapo zilikuja nyakati nyingine. Vikwazo vya kompyuta vilikwisha, maduka ya kuziuza yakafunguliwa mjini, na kila kijana akataka cheti cha kompyuta. Mwaka 1992, na tena 1994, maji yalipungua Mtera na umeme ukawa wa mgawo. Tulijifunza kuhifadhi kazi kila baada ya dakika chache. Na serikali, kwa masharti ya wakopeshaji na kwa umaskini wake yenyewe, ilianza kupunguza watumishi. Katika miaka ile makumi ya maelfu ya watu walitoka katika utumishi wa umma, na mashirika yakauzwa au kufungwa. Neno "kupunguzwa" likapata maana mpya. Mtu aliulizwa habari zake, akajibu, "Nimepunguzwa," na hakuna aliyemwuliza swali la pili.

Orodha ya shirika letu ilitoka mwaka 1995. Iliyoitoa ni kompyuta, kwa kufuata umri, elimu na cheo. Aliyebonyeza ni mimi. Tulizuiwa kusema lolote nje. Nilikaa hadi saa mbili usiku nikisikiliza printa ikilia kama mtu anayepasua kanga, na karatasi zilizounganika zikijikunja sakafuni. Makarani wa leja walitoka karibu wote. Ilikuwa lazima iwe hivyo, maana kazi yao ndiyo niliyokuwa naifanya mimi.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa na nakaa Tabata, lakini usiku ule nilipitia Magomeni. Baba mdogo alikuwa mezani. Nilimwamkia. Akaitikia, akanisogezea bakuli la kunawa, kisha akauliza, "Mmemaliza kuchapa?"

Nikasema tumemaliza.

"Basi kula," akasema. Hakuuliza tena, nami sikusema. Ulikuwa ugali kwa dagaa, na sijui jinsi nilivyoumeza.

Majuma mawili baadaye alikuja hadi chumba cha kompyuta. Alisimama mlangoni, akainama, akafungua kamba za viatu vyake, akaingia kwa mara ya kwanza. Soksi yake moja ilikuwa imetoboka kisigino. Alikuwa na barua ya mafao yake na daftari la shule alilopigia hesabu. "Mwanangu," alisema, "mashine yako imenila miaka kumi."

Nilifungua kumbukumbu yake. Mwaka wa kuajiriwa: 1973. Nilihisi jasho katika baridi ile. Kila mtu nyumbani alijua aliajiriwa 1963, na kampuni ya watu binafsi ambayo ilitaifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 na kuingizwa katika shirika. Mwaka ule niliujua hata kabla sijaujua wa kuzaliwa kwangu, na bado mkono wangu ulikuwa umeandika mwingine. Kiinua mgongo kilipigwa kwa miaka ishirini na miwili badala ya thelathini na miwili.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na haraka, na alinijibu kwa neno nililokuja kulisikia mara nyingi maishani: "Kompyuta haikosei." Nikasema ni mimi niliyekosea. Akataka ushahidi wa maandishi. Jalada la baba mdogo tulilitafuta tukalikosa; tulipokwisha kuingiza kumbukumbu mwaka 1989, mengi yalitupwa stoo, na stoo ilivuja.

Aliyejua pa kutafuta alikuwa yeye mwenyewe. Vitabu vya mishahara vya kampuni ya zamani vilikuwa chini ya ngazi, nyuma ya madawati mabovu. Tulivichambua siku tatu, mende wakitupita mikononi. Kitabu cha mwaka 1963 kilikuwa na jalada jekundu lililoliwa kona. Jina lake lilikuwamo, mwezi wa Septemba, kwa mwandiko wa mtu mwingine. Kuanzia Oktoba kitabu chote kilikuwa kwa mwandiko wake, wino mweusi, jumla kwa wino mwekundu. Alipitisha kidole kwenye safu moja, kimya, na nikajua anajumlisha. "Bado inalingana," alisema.

Angeweza kuishia hapo. Mimi ndiye niliyemwomba tuendelee, kwa sababu sikuweza kulala. Usiku wa siku kadhaa tulikaa na vitabu vile pamoja na orodha niliyoichapa, yeye akisoma, mimi nikitia alama. Tulipata makosa mengine kumi na moja. Baadhi yalikuwa yangu, baadhi ya wenzangu. Saba yaliwapunja watu. Manne yaliwaongezea miaka ambayo hawakufanya kazi; mmoja wao alikuwa tarishi aliyetuletea chai, mwenye watoto wengi, ambaye kwa kosa la mtu fulani alikuwa ameajiriwa akiwa na umri wa miaka tisa.

Nilimtazama baba mdogo. Huyu ni mtu aliyewahi kulala ofisini kutafuta senti thelathini zilizopungua. Aliliangalia jina la tarishi kwa muda, kisha akaweka kiganja chake juu yake na kusema, "Endelea ukurasa unaofuata."

Yale saba niliyapeleka, pamoja na la baba mdogo, na yakasahihishwa baada ya barua nyingi. Manne sikuyapeleka. Sijawahi kuyaandika mahali popote hadi leo, na shirika lile halipo tena.

Kwa fedha zake alinunua mashine ya kusaga, akaipeleka Malampaka kwa behewa la mizigo. Nilimsindikiza stesheni. Alibeba kalamu zake mbili, na kitabu chenye jalada jekundu kilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, sikumwuliza alikitoaje. Jumatatu nilivua viatu, nikaingia, nikahamisha meza mbili zikaelekeana. Tangu siku hiyo, katika chumba changu, kila tarakimu ilipigwa na watu wawili.

Wakubwa walilalamika kwamba tunachelewesha kazi. Nilijaribu kuwaeleza habari za kadi za matundu.