Hakikisha ukuta wa ulinzi wa kompyuta yako umewashwa

Mkazi wa Majengo, mjini Dodoma, anayeunganisha kompyuta ya nyumbani na intaneti asidhani hana cha kuibiwa. Programu za wadukuzi hubisha kila mlango bila kuuliza mwenye nyumba ni nani. Faiawoli, ukuta wa ulinzi uliomo ndani ya Windows, huzuia miunganisho isiyoombwa kutoka nje.

Windows XP ya mwaka 2001 ilikuwa nao, ila ukiwa umezimwa. Agosti 2003 kirusi Blaster kikaingia katika kompyuta nyingi duniani, zikawa zinazima na kuwaka zenyewe. Ni Agosti 2004 ndipo Microsoft ilipotoa marekebisho yaliyouwasha.

Siku hizi huja umewashwa. Uangalie katika Windows Security. Ukitumia intaneti ya mgahawani, chagua mtandao wa umma. Faili lenye virusi unalolifungua mwenyewe kutoka kwenye flashi, hata hivyo, haulizuii.