Kugawa Jedwali kwa Tarehe: Mapokeo Matatu

Jedwali la miamala likishajaa mamia ya mamilioni ya rekodi, kanzidata za Oracle, PostgreSQL na MySQL huagiza dawa moja: ligawe kwa tarehe, tuseme sehemu moja kwa kila mwezi. Anayeuliza habari za Machi asomewe Machi tu, na mwezi uliopitwa na wakati uondolewe mzima bila kufuta rekodi mojamoja. Zinapoachana njia ni kwenye faharasa.

Oracle, iliyoanza ugawaji katika toleo la 8 mwaka 1997, inaruhusu faharasa ya jumla inayohudumia sehemu zote. Namba ya muamala hubaki ya kipekee katika jedwali zima, na kuitafuta bila kujua tarehe ni kazi nyepesi. Gharama huja siku ya kuondoa mwezi: faharasa hiyo ingali inaelekeza kwenye rekodi zisizokuwepo, hivyo sharti irekebishwe, la sivyo haitumiki.

PostgreSQL, iliyopata amri rasmi za ugawaji katika toleo la 10 mwaka 2017, ilikata shauri tofauti: kila sehemu na faharasa yake. Kuondoa mwezi kukawa rahisi, lakini ufunguo msingi lazima ujumuishe tarehe. Matokeo yake, namba ileile ya muamala yaweza kuingia Machi, ikaingia tena Aprili, na kanzidata isilalamike. Anayetafuta kwa namba tupu huilazimisha mashine kupekua faharasa ya kila mwezi.

MySQL inafuata sharti hilohilo la ufunguo, tena inakaza zaidi: jedwali la InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, likigawanywa haliruhusiwi funguo za kigeni. Kuhakikisha kwamba kila muamala una mteja halisi kunabaki juu ya programu.

Kwa hiyo Oracle humtoza anayefuta. Wenzake humtoza anayetafuta na anayelinda upekee. Kumbukumbu za mitambo zinazotupwa kila baada ya miezi mitatu zinafaa njia ya PostgreSQL. Leja ya benki, ambako mteja huja na namba ya risiti tu, inaihitaji faharasa ya jumla. Na pale ambapo hakuna kinachofutwa, wala maswali hayataji tarehe, kugawa ni kujiongezea kazi: faharasa ya kawaida yatosha.