Jinsi uchafuzi wa Mto Ngong unavyopimwa

Mto Ngong hutoka katika Bwawa la Nairobi, hupitia Mukuru na Eneo la Viwanda, kisha hupita karibu na mtaa wa Donholm kabla ya kuungana na Mto Nairobi. Maji hayo huingia Mto Athi, ambao humwagika katika Bahari Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki.

Kipimo kikuu cha majitaka ni oksijeni inayotumiwa na bakteria kuozesha uchafu. Sampuli huwekwa gizani kwa siku 5 katika nyuzijoto 20, kisha oksijeni iliyopungua huhesabiwa. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa majitaka yanayomwagwa mtoni.

Tuseme mtambo unapokea majitaka yenye kipimo cha 400 na kuyatoa yakiwa na 40. Umeondoa asilimia 90 ya uchafu, lakini bado umepita kikomo.

Aidha, kupima mtamboni pekee hakutoshi. Majitaka yanayovuja kwenye mabomba yaliyopasuka, au ya mitaa isiyo na mabomba, hayafiki mabwawa ya kusafishia ya Dandora yaliyoko Ruai. Kwa hivyo, sampuli sharti zichukuliwe mtoni pia, juu na chini ya kila mfereji, na kiasi cha maji yanayopita kipimwe. Wakati wa kiangazi mto hupungua na uchafu uleule huwa mzito zaidi, nao ndio wakati wakulima wa mboga huutegemea zaidi.