Jumapili za Kikula: mpira wa kampuni na mashabiki wake katika mji wa Likasi

Ukimtajia mgeni jina la Jadotville, kama amewahi kulisikia, atakumbuka sinema. Filamu iliyotoka mwaka 2016 inasimulia habari za askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, chini ya Pat Quinlan, waliozingirwa hapo na majeshi ya Katanga tarehe 13 Septemba 1961 na kusalimu amri siku ya tano, maji na risasi vikiwa vimewaishia. Siku tano, basi, na mji mzima ukabandikwa hizo. Lakini mji huo, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Likasi, una kumbukumbu zake wenyewe. Wakute wazee wa Kikula, Panda au Buluo wamekaa chini ya mwembe saa za jioni. Wakianza kuongea ya zamani, Waayalandi hawatawahi kutajwa kabla ya mpira.

Wala si mpira ule mkubwa unaojaza vitabu. Katika kila mji wa Kongo kuna ligi ya hapo hapo mjini, inayosimamiwa na chama ambacho watu wote wanakiita entente. Timu zake ni za mitaa, za parokia, za shule na, kwa miji ya Katanga, za viwanda na migodi. Ndiyo ngazi ambayo mchezaji anajulikana kwa jina la mama yake, na refa akiharibu anajua atakutana na mashabiki sokoni kesho yake. Mwandishi wa historia ya michezo huipita haraka ili awahi kombe la Afrika. Mimi naona kwamba kwa mji kama Likasi, historia yenyewe iko pale.

Mpira uliingia Katanga pamoja na reli na shaba. Reli kutoka kusini, kutoka Rhodesia, ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na Wazungu waliokuja nayo walikuja na michezo yao. Kwa Waafrika, waliojenga msingi walikuwa mapadri. Padri Grégoire Coussement, Mbenedikto, ndiye anayetajwa kuanzisha chama cha mpira cha Waafrika wa Elisabethville mwaka 1925. Upande wa Léopoldville kazi hiyo ilifanywa na Padri Raphaël de la Kethulle, yule ambaye Wakinshasa walimpa jina la Tata Raphaël, na uwanja aliouhangaikia leo unaitwa hivyo. Ndio huo Muhammad Ali alimwangushia George Foreman mwaka 1974. Lengo la mapadri halikufichwa: kijana akikimbia nyuma ya mpira Jumapili mchana, hatakuwa kwenye pombe wala kwenye mikutano ya siri.

Kampuni nayo ililielewa hilo vizuri sana. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, mwanzoni ilichukua vibarua wa miezi michache, ikawarudisha kwao au ikawazika. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadili mwendo: mfanyakazi aje na mke, azae kambini, mtoto asome shule ya kampuni, augue atibiwe hospitali ya kampuni, na kila wiki apokee posho. Jadotville ilikuwa moyo wa mpango huo. Panda kulikuwa na viwanda vya kuchenjua na kuyeyusha madini, na Shituru kikafunguliwa mwaka 1929 kiwanda cha kutoa shaba kwa asidi na umeme. Kambi zikapangwa kwa mistari iliyonyooka, nyumba zinazofanana, bomba la maji la pamoja. Na kiwanja cha mpira. Kiwanja hakikuwa zawadi. Kilikuwa sehemu ya mkataba usioandikwa, sawa na unga na maharage, na timu iliyocheza hapo ilivaa jezi zilizonunuliwa na mwajiri.

Kwa hiyo anayetaka kuzungumzia viwanja vya zamani vya Katanga kwa mapenzi matupu anapaswa kusimama kwanza kwenye Desemba 1941. Vita vilikuwa vimepandisha bei, mishahara imebaki pale pale, na kampuni ilidai shaba zaidi na zaidi kwa ajili ya Washirika. Wafanyakazi wakagoma, Jadotville na Elisabethville. Risasi zilifyatuliwa katika miji yote miwili. Tarehe 9, huko Elisabethville, wagomaji walikusanyika katika uwanja wa mpira, na Gavana Amour Maron akaja na askari. Kiongozi wao, Léonard Mpoyi, aliuawa hapo hapo uwanjani, na makumi ya wenzake pamoja naye. Siku moja kabla, tarehe 8 Desemba, alizaliwa Jadotville mtoto atakayekuja kuwa mwanafalsafa mkubwa kuliko wote waliotoka nchi hiyo, V. Y. Mudimbe. Sijui kama kuna mji mwingine ambao wiki yake moja ilibeba mambo mazito namna hiyo.

Uwanja wa kufurahia na uwanja wa kufia, basi, ulikuwa ule ule. Hata hivyo mpira haukuchukiwa. Baada ya vita ulizidi kupendwa, na mji wenyewe ulizidi kuchangamka. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jadotville kijana mpiga gitaa kutoka nchi ya Bayeke, Mwenda Jean-Bosco, akamrekodi. Sauti ile ilizunguka Afrika Mashariki yote na kubadili mikono ya wapiga gitaa mpaka Nairobi. Gitaa jioni, mpira mchana, misa asubuhi. Jumapili ya mji wa kampuni ilikuwa imejaa.

Huko Lubumbashi wakati huo timu mbili zilikuwa zinakua, na haiwezekani kueleza mashabiki wa Likasi bila kuzitaja. Zote zinahesabu kuzaliwa kwao mwaka 1939. Saint-Éloi Lupopo ni ya watu wa reli, na mpaka leo mashabiki wake wanaitwa cheminots. Nyingine ilianzishwa na Wabenedikto kwa jina la Saint-Georges, ikawa Saint-Paul, kisha ikachukua jina la Englebert, kampuni ya Ubelgiji ya matairi iliyoifadhili, na wakati wa Mobutu kufuta majina ya kigeni ikawa Mazembe. Mtakatifu, mtakatifu mwingine, tairi, halafu jina la nyumbani: historia ya ukoloni yote imo ndani ya majina ya klabu moja.

Englebert ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1967. Fainali mbili dhidi ya Asante Kotoko zilikwisha kwa sare, 1-1 na 2-2, na Waghana hawakutokea kwenye mchezo wa tatu. Mwaka uliofuata ikalitetea kwa kuifunga Étoile Filante ya Lomé 5-0 na kupoteza marudiano 4-1, na zaidi ya miaka thelathini ikapita kabla klabu nyingine haijaweza kutetea kombe hilo. Mwaka huo huo wa 1968 nchi ilichukua Kombe la Mataifa ya Afrika kwa bao la Pierre Kalala, mtu wa Englebert. Kikosi cha Zaire kilichokwenda Kombe la Dunia Ujerumani mwaka 1974 kilikuwa na Robert Kazadi langoni, Mwepu Ilunga na Tshimen Bwanga, mchezaji bora wa Afrika wa 1973, wote wa Mazembe. Kule walifungwa mechi tatu, moja yake 9-0 na Yugoslavia, lakini hiyo si hadithi ya leo.

Hadithi ya leo ni kwamba shabiki wa Likasi alikuwa na mioyo miwili. Mmoja aliupeleka Lubumbashi kwa redio, ama kwa kunguru weusi na weupe wa Mazembe, ama kwa cheminots. Wa pili ulibaki nyumbani. Na ukisikiliza vizuri, wa pili ndio unaomtoa machozi. Mazembe aliishangilia, timu ya kambi aliijua. Mfungaji wa Jumapili ndiye Jumatatu alikuwa karakana moja naye, amevaa ovaroli, na mambo ya penalti yalimaliziwa hapo kati ya mashine. Kijana mwenye mguu mzuri aliweza kupewa kazi kwa sababu ya mguu huo, na kazi kwa Union Minière ilimaanisha nyumba, posho, mke aliyejifungulia hospitali. Bao lilikuwa na uzito wake.

Watu wa pembezoni, kama Buluo, ambako mgeni wa siku hizi anakutajia gereza tu, walikuja kwa miguu na kwa baiskeli. Komuni ya Kikula ndiyo iliyokuwa na watu wengi, na uwanja wake ukawa wa mji wote. Vumbi jekundu la kiangazi, tope la mvua za Januari, watoto juu ya ukuta na juu ya matawi, mama wenye beseni za karanga. Kelele zilikuwa za Kiswahili, kile Kiswahili cha Katanga chenye Kifaransa ndani, ambacho Mluba wa Kasai, Mlunda, Mbemba na Msanga walikifanya cha kwao kazini na kambini. Kwenye majukwaa makabila yalichanganyika kwa sababu kambi zilikuwa zimeyachanganya. Mtu aliishangilia Panda kwa kuwa alikaa Panda.

Ushabiki wa namna hiyo ulisimama juu ya nguzo moja. Baada ya Union Minière kutaifishwa na mahali pake kuchukuliwa na Gécamines, mambo ya kambi yaliendelea karibu kama zamani: hospitali, shule, posho, timu. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilikuwa bado inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Kisha Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1991 miji ikaporwa. Na kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa takriban tani 30,000. Mwajiri asiyelipa mishahara hanunui jezi. Hakodi basi la kuipeleka timu Kolwezi. Nyasi za uwanja hazina wa kuzikata.

Lakini pesa peke yake haikuua Jumapili zile, na hapa ndipo wazee wengi hunyamaza au hubadili mazungumzo. Mwaka 1992 siasa za gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na wenzake ziliwageuza watu wa Kasai kuwa wageni katika miji waliyozaliwa. Likasi ilikuwa ya kwanza kuwaka. Makumi ya maelfu ya watu walifukuzwa nyumbani, wakalala kwenye shule na kwenye stesheni ya reli wiki kwa wiki, wakisubiri mabehewa ya kuwapeleka mikoa ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Wengi walikufa wakisubiri. Sasa jiulize timu gani ya kambi ingebaki nzima baada ya hapo, wakati beki wa kulia na shabiki aliyempigia ngoma walikuwa kwenye behewa moja. Mtu aliyeko Mbuji-Mayi au Kananga leo, akiukumbuka uwanja wa Kikula, anaukumbuka pamoja na majirani waliomtoa.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kumbukumbu hizi ni huzuni ya wazee kwa ujana wao. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyetumia miaka mingi kuwasikiliza wafanyakazi wa migodi, alikiita kitabu chake cha 2001 watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, na hiari yenyewe ilikuwa kuchukua malipo ya mara moja au kuendelea kudai mishahara ya miaka. Anayesema timu zetu zilikuwa nzuri zamani anasema pia kwamba watoto walikula na walisoma. Na mara nyingi, bila kutaka, anamsamehe baba huyo yale ya 1941.

Likasi haiko peke yake. Ng'ambo ya mpaka, katika Copperbelt ya Zambia, Nkana ya Kitwe na Mufulira Wanderers zililelewa na migodi, na ubinafsishaji wa mwishoni mwa miaka ya 1990 ukazitikisa. Tanzania ilikuwa na Reli ya Morogoro, kiboko ya vigogo, na Pamba ya Mwanza, iliyokua pamoja na zao la pamba. Hii ya mwisho mashabiki waliiita TP Lindanda, TP (Tout Puissant) ile ile iliyo katika jina kamili la Mazembe, iliyovuka Ziwa Tanganyika kwa sifa tu. Pamba ilishuka, ikapotea miaka mingi, ikarudi Ligi Kuu mwaka 2024 ikiwa mikononi mwa halmashauri ya jiji. Mlezi mpya amepatikana, basi.

Katanga mlezi mpya amekuwa tajiri mmoja mmoja. Moïse Katumbi aliichukua Mazembe mwaka 1997, na ikarudi kuwa bingwa wa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, iliifunga Internacional ya Brazili 2-0 na kuingia fainali ya klabu za dunia, golikipa Robert Kidiaba akirukaruka kwa makalio mbele ya kamera. Mwaka 2011 ilihamia uwanja wake yenyewe Kamalondo, wenye nyasi bandia. Likasi haikupata tajiri wa kiasi hicho. US Panda B52, ambayo jina lake humshtua mgeni akifikiria ndege za mabomu, imecheza ligi ya taifa, Linafoot, ikitumia uwanja wa Kikula, na kila mchezaji wake anayeng'aa huangaliwa na Lubumbashi kabla msimu haujaisha. Kampuni za madini za leo, nyingi zikiwa za wageni waliokuja baada ya mwaka 2002, hazijengi kambi za familia. Mfanyakazi hurudi mtaani kwake jioni, na Jumapili yake ni juu yake mwenyewe.