Hatua za kuanzia kazi kiwandani: hufanywa mara moja, lakini ziandikwe

Baadhi ya vikundi vya wafugaji sasa vinasindika maziwa vyenyewe badala ya kuyauza mabichi. Kiwanda, hata kikiwa cha chumba kimoja, kinahitaji mpango wa udhibiti wa uzalishaji. Katika makala haya tunaeleza sehemu ya mpango huo inayosahaulika kirahisi: hatua za kuanzia kazi.

Mpango wa udhibiti ni nini?

Ni jedwali linaloonyesha kila hatua ya kazi, kinachopimwa, kiwango kinachokubalika, nani anapima, mara ngapi, na nini kifanyike kipimo kikikataa. Kampuni za magari za Marekani, yaani Ford, General Motors na Chrysler, ziliweka muundo wake wa pamoja miaka ya 1990, lakini jedwali la aina hii linafaa kiwanda chochote.

Tatizo liko wapi?

Safu ya "mara ngapi" hujaa maneno kama "kila saa" au "kila tangi". Kazi ya mara moja asubuhi haipati nafasi, ikabaki kichwani mwa fundi. Siku akienda msibani, hakuna anayeifanya.

Tuchukue mfano wa kipimajoto. Maziwa yanayopashwa kwenye tangi hutakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 63 kwa dakika 30. Kipimajoto kikizidisha kwa nyuzi 4, kinaposoma 63 maziwa yako kwenye 59. Mfanyakazi ataandika 63 kutwa nzima na daftari litaonekana safi, huku vijidudu vya brusela au kifua kikuu vikiweza kumfikia mtoto anayekunywa. Kupima mara nyingi kwa kifaa kibovu ni kurudia kosa lilelile.

Ziandikwe vipi?

Zipeni mistari ya kwanza ya jedwali, na kwenye safu ya "mara ngapi" andikeni "mara moja, kabla ya kuanza". Kwa mfano:

1. Kipimajoto: kwenye maji yenye barafu inayoyeyuka kisome 0. Kisha kilinganishwe na kingine kilichohakikiwa, kwenye maji ya moto ya nyuzi 63. Msitegemee maji yanayochemka. Nyanda za juu kama Njombe huchemka kabla ya kufika nyuzi 100.

2. Mabomba: yasuuzwe kwa maji safi mpaka dawa ya kusafishia iishe.

3. Pakiti za kwanza: ziwekwe kando, zisiuzwe, kwani zinaweza kuwa na maji ya kusuuzia.

Kila mstari uwe na saa, jina la aliyefanya, na hatua ya kuchukua. Kipimajoto kikikataa, kazi isianze.

Si asubuhi tu

Umeme ukikatika, kifaa kikibadilishwa au mashine ikifunguliwa kwa matengenezo, hatua hizi zirudiwe. Andikeni hivyo wazi. Maziwa yaliyopoa tangini yapashwe tena na dakika 30 zihesabiwe upya. Vipimo vya siku mashine ilipofungwa kwa mara ya kwanza vikae kwenye jalada lake.

Kama kikundi chenu kina jedwali tayari, kesho asubuhi mfuateni anayefungua mlango mpaka maziwa ya kwanza yaingie tangini. Kila anachofanya ambacho hakimo kwenye karatasi, kiandikwe.