Bakora ya Mzee: Chagua kwa Kimo na Uzito

Wengi wetu tukitaka kumnunulia mzee bakora hutazama nakshi kwanza. Bakora ya mpingo hupendeza siku ya Idi na harusini, lakini mpingo ni mzito hata huzama majini. Akitembea nao kutwa, mkono utachoka kabla ya mguu. Kwa kila siku inatosha ya alumini, au ya mti mwepesi usio na ufa.

La pili ni kimo. Mzee avae viatu anavyotembelea, asimame wima, mikono aiteremshe. Kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono. Bakora ikiwa ndefu, bega hupanda. Ikiwa fupi, mgongo huinama. Ya mti hupunguzwa kwa msumeno, ila kidogo kidogo.

La tatu ni ncha. Ivae mpira, na mpira ukilika ubadilishwe, kwani sakafu iliyolowa huteleza.

Bakora hushikwa upande wa mguu mzima, si upande wa mguu unaouma. Kupanda ngazi, mguu mzima hutangulia; kushuka, hutangulia bakora na mguu mgonjwa.

Anayekwenda matembezi ya vilimani, kama Shimba Hills, achukue fimbo ya kurefushwa: aifupishe akipanda, airefushe akishuka.

Na mzee akiwa ameanza kuangukaanguka au kuona kizunguzungu, apelekwe kwa daktari kwanza. Bakora humshika mtu, haimtibu.